Ekseli ya Nyuma Ikikatika: Uchongeshe Masasi au Ununue Dar?

Msimu wa korosho ukifunguka mwezi wa kumi, pikapu zote za Masasi na Newala zinaamka. Magunia yanatoka mashambani kwenda maghala ya vyama vya msingi, kutoka huko yanakwenda maghala makuu, na kila dereva anataka tripu moja zaidi kabla giza halijaingia. Ni msimu huohuo ekseli za nyuma zinapokatika. Ikishakatika, mwenye gari, fundi na tingo wanabaki na swali moja: tuchongeshe hapahapa, au tuagize Dar?

Wengi hulijibu kwa kuangalia bei. Leo tunalijibu kwa fizikia kwanza, halafu turudi kwenye bei tukiwa na akili nyingine. Usikimbie, hesabu zenyewe ni kuzidisha na kugawanya tu.

Ekseli inabeba nini hasa?

Nguvu inatoka kwenye injini, inapita gia boksi, inaingia propela, inafika kwenye difu. Difu inaigeuza kona na kuigawa kwa shafti mbili, moja kulia na moja kushoto. Shafti ndizo zinazozungusha tairi. Hiyo ni kazi ya kwanza: kuzungusha.

Kazi ya pili ni kubeba uzito, na hapa magari yanatofautiana. Kwenye Hilux nyingi, tairi limefungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha shafti. Shafti inazungusha na papo hapo inabeba uzito wa upande wake. Kwenye Land Cruiser ya 79 mambo ni mengine: uzito unabebwa na kitovu chenye beringi mbili kilichokaa juu ya bomba la ekseli, na shafti iliyo ndani inazungusha tu. Utaitambua kwa macho, maana katikati ya tairi la nyuma kuna kitovu kilichotokeza nje, kimezungukwa na nati.

Tofauti hii si ya vitabuni. Shafti ya Land Cruiser ikikatika, gari linakosa mvuto lakini tairi linabaki mahali pake na breki za miguu zinashika. Kinachopotea ni msaada wa injini kwenye mteremko, kwa hiyo breki zinabeba kazi yote. Shafti ya Hilux ikikatika nje ya beringi, tairi linaondoka pamoja na dramu ya breki, na mafuta ya breki yanaanza kumwagika. Fikiria hilo likitokea ukiwa umebeba magunia na watu juu yake, unateremka kutoka Newala kwenye ukingo wa uwanda. Ndiyo maana hatuwezi kuichukulia ekseli kama taa ya indiketa.

Hesabu ndogo

Tuchukue pikapu ya dizeli ambayo injini yake inatoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 200. Gia ya kwanza inaizidisha mara 4, difu inaizidisha tena mara 4.1. Jumla ni 200 × 4 × 4.1 = Nm 3,280. Difu ya kawaida inagawa nusu kwa nusu, hivyo kila shafti inapata Nm 1,640.

Shafti ya chuma yenye unene wa milimita 30 ikisokotwa kwa torki hiyo, mkazo kwenye ngozi yake unapatikana kwa kuzidisha torki mara 16, kisha kugawanya kwa pai mara unene uliozidishwa mara tatu wenyewe kwa wenyewe. Jibu ni kama megapaskali 310. Likumbuke hilo jibu, tutalihitaji.

Kuna kitu kinachoilinda shafti: tairi. Torki ikizidi mshiko wa tairi na ardhi, tairi linateleza na torki haiwezi kupanda tena. Kwa maneno mengine, tairi ndilo fyuzi ya ekseli. Tuseme tairi moja la nyuma limekaliwa na kilo 750 kwenye lami, na nusu kipenyo chake ni sentimita 35. Litateleza torki ikifika kama Nm 1,800. Sasa ongeza magunia hadi tairi likaliwe na kilo 1,100. Litateleza kwenye Nm 2,640. Umefanya nini? Umeweka fyuzi kubwa kuliko waya. Dereva akiachia klachi kwa pupa, shafti ileile ya milimita 30 inafikia megapaskali 500 hivi.

Na mchanga wa uwandani je? Watu husema mchanga ni laini, hauvunji ekseli. Ni kweli mpaka pale tairi linapozunguka kwa kasi kwenye mchanga, halafu ghafla linakutana na mzizi au jiwe. Mzunguko wote uliokuwa kwenye injini, propela na tairi unataka kusimama kwa wakati mmoja, na anayesimamisha ni shafti. Madereva wanaokanyaga mafuta ili kujinasua wanakata ekseli nyingi kuliko mlima.

Chuma si kimoja

Chuma laini, kile cha nondo za kawaida na mageti, kinaanza kupinda bila kurudi kwenye mkazo wa megapaskali 250 hivi. Kwa kusokotwa, kikomo chake ni kama asilimia 58 ya hapo, yaani karibu megapaskali 145. Shafti yetu ilihitaji 310 kwenye gia ya kwanza ya kawaida kabisa. Hapo huhitaji kuwa mhandisi. Shafti ya chuma laini yenye unene uleule itajisokota kama kitambaa kinachokamuliwa siku ya kwanza itakapopata mlima.

Shafti za kiwandani ni za chuma chenye kaboni zaidi, mara nyingi kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu au manganizi. Kinapashwa moto mpaka chekundu, kinazamishwa kwenye oili au maji ili kiwe kigumu, kisha kinarudishiwa moto kiasi ili kisiwe cha kuvunjika kama kioo. Chuma cha aina hiyo kinaweza kuvumilia kusokotwa mpaka megapaskali 500 au zaidi. Unene ni uleule na rangi ni ileile, lakini nguvu imezidi mara tatu na ushee.

Utamjuaje? Kuna vipimo viwili vya mtaani vinavyoeleweka kisayansi. Cha kwanza ni cheche. Gusisha chuma kwenye jiwe la kusagia, mahali penye kivuli. Chuma laini kinatoa mistari mirefu yenye vipasuko vichache, na chenye kaboni nyingi kinatoa cheche zinazochanua kama nyota. Cha pili ni tupa. Ikiuma kwa urahisi kwenye meno ya shafti, ngozi yake ni laini. Ikiteleza kama juu ya kioo, ngozi imekazwa. Vipimo hivi havitakupa namba, lakini vitakuzuia kununua nondo kwa bei ya ekseli.

Uchovu: kifo cha polepole

Swali linalowachanganya wengi: shafti imefanya kazi miaka kumi, juzi imekatika kwenye barabara tambarare, bila mzigo mkubwa. Kwa nini?

Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kurudi Paris ilianguka karibu na Meudon baada ya ekseli ya injini ya mbele kukatika. Watu zaidi ya hamsini walikufa. Wakati ule mafundi wengi waliamini kwamba chuma kikitumika muda mrefu kinabadilika ndani na kuwa dhaifu chote. Mwaka 1843 mhandisi wa Uskoti, William Rankine, alieleza kwamba ekseli hizo zinaanza na ufa mdogo, hasa pale kipenyo kinapobadilika ghafla na kuacha kona kali. Baadaye Mjerumani August Wöhler alizungusha vipande vya ekseli kwenye mashine maelfu kwa mamilioni ya mara, akaonyesha kwamba mkazo mdogo unaorudiwa mara nyingi unaweza kukata chuma ambacho mkazo mkubwa wa mara moja haukukikata.

Sasa hesabu za kwetu. Tairi la nusu kipenyo cha sentimita 35 linatembea mita 2.2 kwa mzunguko. Kilomita moja ni mizunguko kama 455. Shafti inayobeba uzito inapindwa kidogo kila wakati, na kwa kuwa inazunguka, upande uliovutwa juu sekunde hii unabanwa chini sekunde inayofuata. Mizunguko milioni moja inafika baada ya kilomita 2,200. Masasi hadi Mtwara kwa lami ni karibu kilomita 200, kwa hiyo safari tano au sita za kwenda na kurudi zinatosha. Milioni moja ya kwanza imeisha hata msimu haujakolea.

Ndiyo maana tunasema usitupe kipande kilichokatika. Kitazame uso wake. Ukiona sehemu laini yenye mistari iliyopinda kama alama za maji kupwa ufukweni, halafu sehemu ndogo yenye chembechembe, huo ni uchovu: ufa ulikuwa unatembea kwa miezi. Ukiona shafti imejisokota, meno yake yamelala kama kamba, hiyo ni torki kuzidi au chuma kuwa laini. Majibu hayo mawili yanadai matibabu tofauti.

Kuchongesha: wapi inakubali, wapi inakataa

Eneo hili halihitaji kufundishwa kuchonga. Mchongaji wa Kimakonde anajua kwamba mpingo una nyuzi, na kwamba mkono wa kinyago ukichongwa kukata nyuzi utavunjika. Mkulima naye anajua: mpini wa jembe ambao nyuzi zake zinatokea pembeni haumalizi palizi.

Chuma kina tabia inayofanana. Shafti ya kiwandani yenye kichwa kipana haikuchongwa kutoka pande kubwa. Ncha ya fimbo ilipashwa moto ikapigwa mpaka ikapanuka kuwa kichwa, na nyuzi za chuma zikapinda kufuata umbo. Fundi wa kukereza anaanza na pande nene analipunguza, hivyo nyuzi zinakatwa palepale kwenye shingo, ambapo mkazo ni mkubwa. Akiacha na kona kali badala ya mviringo laini, amerudia kosa la mwaka 1842.

Kwa hiyo kuchongesha shafti kunakubali ikiwa mambo manne yapo pamoja: chuma chenyewe ni aloi inayojulikana, fundi anaacha mviringo kwenye kila badiliko la kipenyo, meno yanalingana na gia ya difu bila kucheza, na kuna tanuri la kukikaza chuma baada ya kukereza. Hilo la nne ndilo linaloangusha karakana nyingi. Mashine ya kukereza zipo, mikono ipo, lakini tanuri lenye kipimo cha joto ni adimu. Kabla hujalipa, muulize fundi swali moja tu: “Utakikazia wapi?” Akicheka, umeshapata jibu.

Kuchomelea shafti iliyokatika je? Hapana. Joto la kuchomelea linafuta ukazaji wa kiwandani upande mmoja, na upande mwingine chuma chenye kaboni kinapopoa haraka kinakuwa kigumu cha kupasuka. Unapata sehemu laini na sehemu ya kioo zikiwa jirani. Inaweza kukufikisha nyumbani bila mzigo, polepole. Msimu haitakutoa.

Lakini usielewe vibaya, kuunda kuna nafasi yake kubwa. Bomba la ekseli mara nyingi ni chuma kinachochomeleka vizuri. Kutengeneza vikalio vya springi, vishikio vya breki, au kuhamishia ekseli nzima ya gari jingine kwenye gari lako ni kazi ambayo fundi mzuri wa Masasi anaiweza. Shida hapo ni kunyooka. Kila mshono ukipoa unavuta bomba upande wake. Bomba likipinda hata nusu nyuzi, tairi zinalika upande, na beringi na sili za oili zinakufa mapema. Dawa ni kuchomelea kidogokidogo kwa kupishanisha pande, na kupitisha fimbo nyoofu ndani ya bomba kupima kabla na baada.

Kununua: usinunue macho

Spea za mtumba zinatoka Gerezani na Kariakoo, zinapakiwa kwenye basi, kesho yake zipo Masasi. Faida yake ni kwamba chuma ni cha kiwandani. Hasara ni kwamba hujui imeshazunguka mara milioni ngapi.

Hapa kuna kipimo cha zamani kilichotumika kwenye karakana za reli, na gharama yake haifiki soda. Safisha shafti mpaka ing’ae. Ipake mafuta ya taa, iache yaingie. Ifute ikauke kabisa, kisha ipake unga wa chaki uliokorogwa na spiriti. Ukikauka, gonga shafti taratibu. Penye ufa mafuta yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Kagua hasa shingo ya kichwa, mwanzo wa meno na pale beringi inapokaa.

Ukinunua ekseli nzima na difu yake, hesabu uwiano. Inua gari, gia iwe huru, zuia tairi moja, zungusha lingine mizunguko miwili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara 4 na kidogo, uwiano ni 4.1 au karibu na hapo. Ili uwe na uhakika, hesabu meno yenyewe: 41 kwa 10 ni 4.1. Kwenye gari la magurudumu manne hili ni lazima, kwa sababu difu ya mbele na ya nyuma zikitofautiana, ukiingiza magurudumu manne kwenye ardhi ngumu zitapigana mpaka kitu kikatike.

Kingine: krauni na pinioni huuzwa kama mume na mke. Zilisagwa pamoja kiwandani. Usichukue krauni ya difu hii na pinioni ya ile. Nafasi kati ya meno yao kwenye difu nyingi za Toyota ndogo ni milimita 0.13 hadi 0.18, na hiyo inapimwa kwa geji, haikisiwi kwa kidole. Mwisho, weka oili ya difu yenye alama ya GL-5. Meno haya yanasuguana kwa kuteleza, na oili ya injini haitayalinda.

Na ukitaka gari lenye nguvu zaidi?

Vijana wengi siku hizi wanabadilisha injini, wanafunga ya turbo. Turudie hesabu. Injini ya Nm 340, gia na difu zilezile: kila shafti inapata karibu Nm 2,790, na mkazo wa milimita 30 unafika megapaskali 525. Umevuka kikomo cha chuma kizuri kwa gia ya kwanza tu, hata mzigo hujaweka, na kinachokuokoa ni tairi kuteleza. Ukifunga tairi pana zenye mshiko, umeondoa na hiyo fyuzi.

Wenzetu wa magari ya mbio Marekani walilijibu swali hili kwa njia ya katikati. Ekseli ya Ford ya inchi 9, iliyotengenezwa kuanzia 1957 hadi 1986, imekuwa kipenzi chao kwa sababu difu yake inatoka mbele kama droo, na kila kipande kinauzwa peke yake. Mtu anaunda bomba kwa upana wa gari lake, lakini shafti na gia ananunua zilizokazwa kiwandani. Ona walivyogawa kazi: kinachodai umbo wanaunda, kinachodai tanuri wananunua.

Kwetu, njia ya mkato ya kufikia hapo ni kuchagua ekseli ambayo shafti yake haibebi uzito, kama ya Land Cruiser, au shafti nene zaidi. Unene unalipa sana: ukiongeza kutoka milimita 30 hadi 33, asilimia 10 tu, nguvu ya kusokotwa inapanda kwa asilimia 33.

Jirani yetu Nachingwea ilishapita hapa

Swali la kuunda au kununua mtumba si geni kusini. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulikuwa na mashamba Nachingwea, na bandari ya Mtwara na reli yake vilijengwa kwa ajili yake. Dunia ilikuwa na uhaba wa matrekta, hivyo wakanunua mitumba iliyobaki vitani, na nyingi ziliharibika mapema. Wakajaribu na kuunda: vifaru vya Sherman vikageuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Mradi ulianguka kwa sababu nyingi, mvua na udongo vikiwemo. Lakini somo la mashine lilibaki: mtumba usiokaguliwa ni ghali, na kuunda hakuondoi hitaji la spea.

Turudi kwenye bei

Tuseme shafti ya kuchongesha ni robo ya bei ya mtumba mzuri. Inavutia. Lakini tuseme inadumu wiki tatu, na msimu ni wiki kumi na mbili. Utachongesha nne, bei imeshalingana. Sasa ongeza siku nne za gari kulala, beringi na sili za kila mara, mzigo kuhamishiwa gari la mwenzako, na hatari ya tairi kuondoka njiani. Hesabu gharama kwa kila kilomita gari lilipotembea, usihesabu gharama ya siku ya kununua.

Kwa kifupi, tungeamua hivi. Shafti, krauni na pinioni: nunua, kagua kwa chaki, hesabu meno. Bomba, vikalio na vishikio: unda hapahapa, kwa fundi anayepima. Shafti ya kuchongesha: kubali tu kama chuma kinajulikana na tanuri lipo. Na shafti ya akiba inunuliwe mwezi wa nane, wakati gari limepumzika na una muda wa kuikataa mbovu. Mwezi wa kumi na moja, magunia yakiwa barabarani, utachukua yoyote utakayoletewa.